Milimita na Raundi ya Tatu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini tangu nimfahamu sijasikia mtu akilitumia isipokuwa karani wa hospitali. Sisi wa karakana tunamwita Milimita. Ukimletea kipande kilichopishana na chaki kwa upana wa ukucha hakugombezi. Anakiinua mbele ya dirisha, anakitazama, anakutazama na wewe, halafu anakuuliza kwa upole kama umeamka salama. Afadhali angekuchapa.

Kazi yake ni kukata. Mtu akisikia fundi nguo anafikiria cherehani, wakati cherehani kinakuja mwisho, kama bibi harusi. Kabla yake kuna meza ndefu, na juu yake tabaka thelathini za kitambaa zimetandikwa bila kunyanzi, na juu ya tabaka zimelazwa pateni, yaani zile karatasi ngumu za kukatia: hii ya mgongo, hii ya mkono, hii ya kola. Milimita anazizungushia chaki, anawasha mashine ya kukatia, anashusha pumzi, anaingia. Akikosea yeye, zimekosewa nguo thelathini kwa mkupuo mmoja. Amefanya hivyo miaka thelathini na minne, na mimi nimekuwa msimamizi wa upande wa vyerehani, hatua nane kutoka meza yake, kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Ni mtu wa sheria. Mjomba wake aliyemfundisha ufundi alimkatisha magazeti mwaka mzima kabla ya kumruhusu kugusa kitambaa, na nadhani kuna kitu kilinyooka kichwani mwake wakati ule ambacho hakijapinda tena. Dada anasema hata barua ya kumchumbia aliipiga mistari kwa rula, na chini akaweka tarehe mbili, ya kuandika na ya kupeleka. Karakana nzima tunazijua sheria zake kwa moyo. Pini haiingii mdomoni. Chaki ya njano ni ya pamba tu. Mashine mpya ikikataa kitambaa mara mbili, irudi ilikotoka, hakuna kuibembeleza. Na pateni ikichakaa, anayechora mpya anakili kila kilichomo kwenye ile ya zamani, hata tone la chai.

Mwaka juzi mtu huyu akaomba kiti.

Mkataji hakai. Anatembea na meza kutwa, huku na huko, na jioni ndiyo anajua ana miguu. Milimita alipovuta kigoda akakaa saa nne asubuhi, mafundi wangu wote walisimamisha vyerehani, ukasikika ukimya kama umeme umekatika. Akasema ni umri. Wiki iliyofuata nikaona madoa ya bluu mikononi mwake ambayo hakujua ameyapata wapi. Dada akaniambia anashiba kwa vijiko vitatu, na shuka zake asubuhi zinakamulika jasho. Nikamwendea nikamwambia shemeji, umekuwa mweupe kama bitana, usiponipeleka hospitali nakupeleka mimi. Akanijibu kwamba maneno yamenigeukia. Nikamwambia hata yakinigeukia, twende.

Wakampima picha nzima ya damu, wakaipima tena siku ya pili kana kwamba hawakuamini, halafu wakamtoboa mfupa wa nyonga kuchukua uboho. Daktari wa damu alikuwa binti mdogo, ungempita njiani ukadhani anawahi darasa, lakini alipofungua mdomo nilijiweka sawa kwenye kiti. Hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema hii ni saratani ya damu, imeshika chembe za kinga, inakwenda polepole kwa sasa, na ikiachwa inaweza kubadilika ikawa ile kali inayomaliza mtu kwa miezi michache. Dada akanishika mkono chini ya meza. Kucha zake zilinibakia siku mbili.

Kisha akaeleza, na mimi niliyeishia darasa la saba nilimwelewa nusu, nyingine nikaielewa baadaye. Alisema katika damu kuna askari wa aina nyingi, na hawa walioharibika ni wale wanaomeza vijidudu na mabaki. Wanazaliwa ndani ya mifupa. Kila chembe ya mwili, iwe ya ngozi au ya damu, inabeba maagizo yale yale ya urithi. Kinachofanya moja iwe ngozi na nyingine iwe askari ni alama zilizobandikwa juu ya maagizo hayo, hapa soma, hapa ruka. Mwili una wabandikaji wa alama na una wafutaji. Kwa Milimita, mfutaji mmoja ameharibika, jambo linalowatokea watu umri unaposonga, na wengi wao hawaugui kamwe. Kwake yeye, alama za kuruka zimerundikana mahali pabaya: juu ya agizo linalomwambia askari akomae, na juu ya lile linalomwambia apunguze kuzaana. Maagizo yapo, hayasomeki. Basi askari wanafyatuliwa hovyo, nusu hawajaiva, wanajaza mifupa, na chembe nyekundu zinakosa hata pa kuegemea. Ndiyo sababu ya weupe, ndiyo sababu ya kigoda.

Milimita alimsikiliza kama mtu anayefundishwa na mtoto kutunga uzi. Akauliza kama kuna sindano ya kuwaua. Daktari akasema ipo sindano, siku saba mfululizo kila baada ya wiki nne, ila kazi yake kubwa si kuua, ni kuzizuia zile alama zisiendelee. Akasema matokeo hayaonekani kabla ya raundi ya nne, pengine ya sita. Akasema mwanzoni damu itashuka zaidi kabla ya kupanda. Akasema katika wagonjwa kama yeye, wanaoitikia dawa ni nusu, labda pungufu. Yote hayo aliyasema, mimi shahidi, dada shahidi. Milimita alisikia neno sindano akafunga masikio.

Raundi ya kwanza ikapita, tumbo lake, maana ndiko sindano zinakochomwa, limejaa viduara vyekundu kama mtu aliyevaa sare ya vifungo. Damu ikashuka. Raundi ya pili, ikashuka tena, akaongezewa damu mara mbili, akapata homa, akalazwa siku nne. Daktari akaja kitandani akasema haya ndiyo niliyowaambia. Milimita akamtazama, na mimi nikajua mahesabu yake yameshafungwa. Mara mbili imekataa, irudi ilikotoka.

Siku ya Ijumaa, raundi ya tatu ikiwa inaanza Jumatatu, akamwambia dada yangu kwamba haendi. Alimwambia kwa utaratibu, kama anayetoa taarifa ya kubadilisha rangi ya uzi. Dada si mtu wa kelele. Alikuja kwangu na kanga yake imegeuzwa, akakaa, akaniambia maneno manne tu: mume wangu anataka kufa. Nikampigia simu daktari. Akasema akiachia hapo ni kama hakuanza, amekula uchungu wote akakimbia kabla ya faida, na kule kwenye uboho mambo hayatamsubiri.

Asubuhi ya Jumamosi nikamfuata mezani kwake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, makali kwa matamu. Aliniacha nikamaliza yote, huku anachonga chaki.

"Shemeji," akasema, "wewe una mdomo, mimi nina damu. Kila mtu aangalie chake."

Nikarudi kwenye vyerehani vyangu nikiwa sioni tundu la sindano. Na hapo ndipo fundi mkuu wa gereji alipoingia kuchukua ovaroli zake themanini.

Huyu fundi wa gereji ni mtu mwenye mwili, mwenye sauti, na ni mteja wetu wa siku nyingi. Akachukua ovaroli ya juu kabisa, akaivaa pale pale juu ya nguo zake, akatoa kalamu sikioni ili aiweke mfukoni. Akajipapasa kifua cha kushoto. Akajipapasa cha kulia. Akajitazama.

"Kalamu niitie wapi," akauliza, "kitovuni?"

Ovaroli themanini, hakuna hata moja yenye mfuko wa kifuani. Mafundi wangu wakainama kama watu wanaosali. Cherehani hakiulizi, kinashona kinacholetwa, lakini mimi nina macho na nilizipitisha mikononi mwangu zote, na sikuona, basi. Milimita akainuka kwenye kigoda kwa kushika meza. Akaomba pateni ya ovaroli. Nikaitoa kwenye ndoano nikampa, na kabla haijafika mkononi mwake nilikwisha kuliona lile andiko, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: usikate mfuko wa kifuani.

Hadithi ya maneno hayo ni hii. Kabla ya gereji, ovaroli kama hizo tulizishona kwa kiwanda cha mikate. Watu wa mikate hawataki mfuko wa kifuani, kwa sababu mtu akiinama kalamu inaingia kwenye unga. Basi Milimita alikuwa amepachika kijikaratasi kwa pini juu ya pateni, cha muda, cha oda ile tu. Kukibandua ni kazi yake, na siku ya kukibandua alikuwa wodini na homa. Pateni yenyewe ilikuwa imechakaa kingo. Nikachora mpya. Nikanakili kila kilichomo.

"Kwa nini ulinakili kijikaratasi?" akaniuliza. Upole ule ule wa kuuliza kama umeamka salama.

"Kwa sababu sheria ni yako. Kila kilichomo, hata tone la chai."

"Tone la chai ni utani."

"Shemeji, wewe hujawahi kutania tangu uzaliwe. Na uliyekata ni wewe, uliyasoma maneno ukayatii."

Hapo mafundi wakashindwa kujizuia, mmoja akajificha nyuma ya majora akicheka hadi akakohoa. Milimita hakucheka. Akaomba wembe, akainama juu ya pateni, akaanza kuukwangua ule wino, taratibu, asitoboe karatasi. Fundi wa gereji akamsogelea akachungulia juu ya bega lake, bado amevaa ovaroli yake isiyo na mfuko.

"Mzee, ukishafuta hapo, hizi themanini zitaota mifuko?"

"Hizi zimeshazaliwa hivi," Milimita akamjibu bila kuinua kichwa, kwa ukali. "Hizi hata ukikwangua pateni mwaka mzima hazibadiliki. Zitakazofuata ndizo zita..."

Wembe ukasimama. Nilidhani amepatwa na kizunguzungu, nikasogea nimdake. Alikuwa ameikazia macho pateni kama ndiyo kwanza anaiona. Kisha akageuka, na uso wake, wallahi, ulikuwa na rangi ambayo sikuiona kwa miezi mingi.

"Yule binti alisema sindano inafanya nini?"

Nikasema alisema inazuia alama.

"Alama za chembe zilizokwisha kuzaliwa, au za zitakazozaliwa?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe, mimi ni wa vyerehani. Akatoa simu, akaiweka sauti ya juu katikati ya meza, na karakana nzima ikasogea, fundi wa gereji naye, mikono kiunoni. Daktari akapokea kwa hofu, akidhani homa imerudi. Milimita hakumpa nafasi ya salamu.

"Mwanangu, chembe ikijigawa ikawa mbili, zile alama za ruka, nani anazinakili kwenye hiyo mpya?"

Halafu sauti ya daktari ikabadilika, ikawa ya mtu aliyekaa vizuri. Akasema mnakili yupo kweli, mzee, ana kazi hiyo moja: chembe inapojigawa anapita kwenye maagizo ya zamani, kila penye alama anabandika alama kwenye nakala. Hachagui. Nzuri anainakili, mbaya anainakili.

"Hata tone la chai," akasema Milimita.

"Samahani?"

"Endelea. Na sindano?"

Sindano, daktari akasema, inajipenyeza ndani ya nakala yenyewe wakati inachorwa. Mnakili akija kubandika, ananasa pale pale kama nzi kwenye gundi. Nakala inatoka na alama pungufu. Ikijigawa tena, pungufu zaidi. Kizazi baada ya kizazi yale maagizo yaliyofunikwa yanaanza kusomeka, na askari wanaanza kukomaa na kufa kwa wakati wao. Lakini wale waliokwisha kuzaliwa na alama zao, hao tunawasubiri waishe.

"Kwa hiyo nilipimwa damu baada ya raundi mbili nikaangalia nini? Nguo zilizokwisha kushonwa."

Daktari akasema hakuelewa kuhusu nguo. Tulielewa sisi. Karakana ikalipuka, kila mtu anamweleza mwenzake kitu ambacho mwenzake amekisikia kwa masikio yake, fundi wa vifungo anamwambia wa kola kwamba kumbe tumbo la mwanadamu lina pateni, wa kola anamwambia hapana, ni mfupa. Milimita alikuwa ameshika chaki, anachora juu ya meza yake mwenyewe, meza ambayo ukiichora wewe unaitwa ofisini: pateni moja, mbili, nne, nane, na vijikaratasi vinapungua. Alikuwa anahema na anatabasamu. "Mwanangu," akaiambia simu, "mimi nilitaka themanini ziote mifuko." Kisha akasema Jumatatu nitakuja, akakata.

Nikampigia dada. Nilitaka kumweleza habari za mnakili, nikaona ni ndefu, nikamwambia tu anakwenda. Upande wa pili nikasikia sufuria inaanguka.

Ovaroli tulizimaliza siku hiyo hiyo. Vitambaa vya mabaki vilikuwepo, Milimita akakata mifuko themanini amesimama, hakukaa hata mara moja, na mimi mwenyewe nikaketi kwenye cherehani ambacho sijakigusa kwa miaka. Fundi wa gereji alikaa mlangoni akizipanga, kila mfuko anauingizia kalamu yake kuhakikisha.

Usidhani basi damu ikapanda Jumanne. Raundi ya tatu ilimpiga kama zile mbili. Akaongezewa damu tena. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa mtu mwenye kazi ya kufanya. Daktari alimwambia wengu wake, hapa chini ya mbavu za kushoto, umevimba kwa sababu ya askari waliojazana. Nani alimtuma kumwambia mkataji hivyo. Kila asubuhi kabla ya chai Milimita akawa anajipima tumbo kwa futi yake ya kazi, mahali pale pale alipopaweka nukta kwa kalamu, anaandika kwenye daftari kwa milimita. Dada akasema ndoa yao imeingiliwa na futi. Raundi ya nne ikaisha, daftari likasema tisa zimepungua. Akanionyesha. Nikamwambia amekaza mkono. Akanikasirikia siku nzima. Wiki iliyofuata zikawa kumi na nne, na akala sahani nzima mbele yangu kwa makusudi, ananitazama kila tonge.

Baada ya raundi ya tano zikapita wiki tano bila kuongezewa damu. Hakuna aliyethubutu kulisema kwa sauti. Tulikuwa tunalipita jambo hilo kwa kunyata, kama mtoto aliyelala.

Baada ya sita wakamtoboa nyonga tena. Siku ya majibu tulikwenda watatu, na mimi ndiye niliyekuwa na haja ya choo kila dakika kumi. Daktari akaweka karatasi mbili mezani, ya zamani na ya sasa, sambamba. Wale askari, waliokuwa elfu tisa na mia nne katika kipimo kimoja, sasa mia saba. Wekundu wa damu, uliokuwa saba, sasa kumi nukta sita. Ndani ya uboho wale wasioiva wamebaki wachache wa kuhesabika. Dada akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mimi nikampiga shemeji mgongoni mpaka muuguzi akanionya.

Milimita alikuwa anapima kwa jicho nafasi kati ya zile karatasi mbili. Akauliza kama amepona.

Daktari hakumdanganya, hata siku ile. Akasema hapana. Mfutaji aliyeharibika bado ameharibika. Ukiiacha sindano, mnakili atarudi kazini na alama zitarudi. Tutaendelea hivi hivi, raundi kwa raundi, maadamu mwili unaitikia dawa, na siku moja unaweza ukaacha kuitikia, na siku hiyo tutakaa tena hapa tuone la kufanya. Dada akaacha kucheka. Mimi nilikuwa namtazama mtu wa sheria, nikisubiri aifungue midomo.

"Raundi ya saba inaanza lini?"

Jumatatu, akaambiwa.

Akasema Jumatatu ana mashati mia mbili ya kukata, kwa hiyo sindano aipate mapema. Muuguzi akasema chumba cha sindano kinafunguliwa saa mbili, hajawahi kukifungua mapema kwa mtu yeyote. Milimita akamwambia saa mbili yeye anatakiwa awe ameshatandika tabaka ishirini. Muuguzi akasema basi atandike kumi. Wakaendelea hivyo, daktari ameinamia karatasi zake anaficha meno, mpaka wakakubaliana saa mbili kasorobo. Na Jumatatu, saa moja na nusu, muuguzi alipofika alimkuta mlangoni, vifungo vya chini vya shati vimeshafunguliwa.